Dereva Aliyetazama kwa Masikio

Nikisema Dereva, watu wetu wa Doha watanicheka. Dereva yupi, mwanamke wewe? Hapa ukimtoa mlinzi, ukimtoa mtu wa hoteli na ukatutoa sisi wa majumbani, anayebaki ni dereva. Lakini katika nyumba niliyofanya kazi, kitongoji cha Umm Salal, Dereva alikuwa mmoja tu. Hata alipokuja wa pili, mtu wa Uganda aliyempeleka mwenye nyumba ofisini, huyo aliitwa kwa jina lake, na Dereva akabaki kuwa Dereva. Mabinti wawili wa nyumba, aliowapeleka shule tangu wakiwa wanapandishwa garini kwa kubebwa, ndio peke yao waliomwita ami, na hao aliwaitikia kwa sauti laini ambayo sisi wengine hatukuwahi kupewa.

Mimi nilikuwa kadama pale, yaani mfanyakazi wa ndani, kabla sijapata kazi kwenye ukumbi wa sinema. Sehemu ya kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya gari na wale mabinti kwenda shule na kurudi: kushika mabegi, kufungua chupa za maji, kuamua ugomvi. Dereva yuko mbele peke yake. Kiti cha pembeni yake hakikaliwi na mtu, maana ameweka msala wake uliokunjwa na juu ya msala kofia. Siku yangu ya kwanza nilitaka kukaa pale. Aliniangalia, akauangalia msala, akaniangalia tena, nikahamia nyuma mwenyewe bila kuambiwa.

Alikuwa mtu wa Unguja, shamba. Mengine ya kwao usiniulize. Ukimuuliza habari za ukoo wake anakuuliza, "Kwani wewe waja kuposa?" na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nilikuwa "mtoto wa Dasalama", hata nilipofanya jambo la maana. Kiswahili changu alikisikitikia waziwazi. Nikisema neno la mjini anafumba jicho moja kana kwamba limemwingia vumbi.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Nimesikia, yatosha." Umemweleza njia ina foleni, nimesikia, yatosha. Umempa pole ya msiba, nimesikia, yatosha. Watanzania tukikutana Ijumaa kula pilau, naye alikuja, tena na sahani yake mwenyewe kutoka nyumbani, jamani, sahani ya bati yenye maua. Anakula, anaiosha, anasikiliza stori zetu kidogo, kisha anainuka wa kwanza. Tunamwambia, Mzee, kaa basi, ndiyo kwanza watu wanafika. Anajibu vilevile na anaondoka. Chumba chake kilikuwa nje ya nyumba, karibu na geti, na sijamwona mtu akiingia humo hata mara moja.

Kwa msimamo alikuwa mkali. Mkanda ufungwe kabla gari halijanguruma. Hakuna kula chipsi ndani. Hakuna muziki wa redio, akisema moyo unaota kutu. Halafu huyohuyo anatafuna karafuu njia nzima, mpaka sare za mabinti zinanukia karafuu, na mwalimu mmoja akauliza nyumbani kuna mgonjwa wa meno? Na huyohuyo asiyetaka muziki, asubuhi akiosha gari, alikuwa anaimba nyimbo za Kijapani. Haki ya Mungu. Maneno ameyapinda mpaka Mjapani mwenyewe asingeyatambua, ila sauti inapanda na kushuka mahali pake. Yule wa Uganda alidhani ni dua ndefu, akawa anapita kwa adabu. Mimi nilimkabili.

"Mzee, si ulisema muziki moyo unaota kutu?"

"Hizi si nyimbo," akasema, anasugua tairi. "Hizi ni habari za watoto."

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Wale mabinti walikuwa wamelewa katuni ya Kijapani, hizi wanazoziita anime. Wanafunzi wa kike wa sekondari wanaunda kundi la kuimba na kucheza, wanakuwa mastaa na sketi zao za shule, wanalia, wanapatana, wanaimba. Kila ikiisha sehemu inakuja nyingine. Nyuma ya viti vya mbele vya gari kulikuwa na skrini mbili, na kwenye skrini hizo katuni ilitembea kwenda na kurudi, miaka na miaka, na maandishi ya Kiarabu chini kwa ajili ya mabinti.

Sasa fikiria. Skrini zinatazama nyuma, dereva anatazama mbele. Mtu yule alisikia katuni nzima, mwanzo hadi mwisho na mwisho hadi mwanzo, kwa lugha asiyoijua hata salamu, na hakuwahi kuiona. Akawajua kwa sauti. Yule wa kuamrisha alimwita Bi Mkubwa. Yule wa kufoka alikuwa Mgomvi, na wa kucheka ovyo alikuwa Debe. Na kulikuwa na mmoja mwenye sauti nyembamba, anayeanza wimbo peke yake kabla wenzake hawajaingia. Huyo alimwita Chiriku. Chiriku akianza kuimba, Dereva alipunguza mwendo. Mabasi yanatupita, magari yanatupigia honi, yeye hana habari.

"Leo Chiriku ana mafua," ataniambia tukishuka. Au, "Mgomvi leo kamsema Bi Mkubwa vibaya, umesikia?" Na kweli kwenye skrini walikuwa wamegombana. Tatizo lilikuja alipoeleza sababu.

"Hawa ni ndugu, baba mmoja," alinieleza siku moja tukiwasubiri mabinti nje ya shule. "Baba yao kasafiri. Wanamwimbia arudi."

"Nani kakwambia?"

"Nasikia. Mtu haimbi vile kwa mtu aliye karibu."

Nikawauliza mabinti pembeni. Binti mdogo alicheka mpaka akashika tumbo. "Baba? Humo hamna baba. Wanataka kushinda mashindano!" Mimi mdomo wangu mnaujua, hauna breki. Kesho yake garini nikaanza, "Mzee, huyo Chiriku wako, nywele zake..."

Loh! Alikanyaga breki, akaegesha pembeni ya barabara, akageuka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akigeuka kuelekea nyuma ya lile gari, na hata hapo mkono aliuweka usoni asione skrini.

"Nyamaza! Mie nimekuuliza?"

Mabinti waliduwaa. Akaliondoa gari. Jioni alikuja mlango wa jikoni na karaki kwenye kikombe cha karatasi, ile chai ya maziwa na iliki wanayoiuza barabarani, na hapo nikajua ninaombwa radhi. Radhi yenyewe hakuitamka. Alisema tu, "Mie sura yake ninayo. Usinitie nyingine," akaondoka.

Sura ya nani, nilikuja kuijua mtaani Fereej Bin Mahmoud, kwa fundi cherehani, tulipotumwa kupunguza sare. Fundi alikuwa na watu wengi, tukaambiwa tungoje kwenye benchi. Simu ya Dereva ikaita, picha ya kamera ikajitokeza, mtu anataka waonane. Akakata. Akapiga yeye, ya sauti tu, akaibana simu sikioni mpaka sikio likakunjika. Aliongea na binti yake. Alipomaliza nikamwambia ukweli, kwamba mtoto akitaka kukuona unamkatiaje, hiyo ni roho gani? Mimi mama yangu ananiona kila siku hadi amenichoka. Nilitegemea anifokee. Akanisimulia.

Aliondoka Unguja binti akiwa bado ananyonya. Mama yake mtoto hakukaa sana duniani, mtoto akalelewa na bibi. Kila Ijumaa baada ya sala Dereva alipiga simu, na mtoto alijifunzia kuzungumza kwenye simu hiyo, neno moja moja, baba akiwa huku. Alipopata likizo alikwenda na zawadi hadi za majirani. Mtoto akajificha nyuma ya kanga ya bibi. Bibi akamwambia, huyu ndiye baba. Mtoto akasema, "Huyo siye. Baba yuko kwenye simu."

"Nikatoka nyuma ya nyumba," Dereva aliniambia, anatazama miguu ya fundi ikikanyaga cherehani. "Nikaipigia simu ya bibi. Akaja mbio, nasikia vile viguu vyake. Akapokea. Akafurahi. Akanambia, baba, kuna mtu kaja nyumbani, simtaki."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia basi, mwanangu, ataondoka."

Na aliondoka, likizo haijaisha. Tangu hapo, kila likizo ikifika anasema mwakani. Mtoto akakua, akaanza kutuma picha, na picha zile Dereva alizifuta bila kuzifungua. Alinionyesha anavyofanya, kidole kimoja, haraka, macho yako pembeni. Sauti zilizorekodiwa alizitunza zote. Alikuwa na sauti za binti yake za miaka, na chumbani kwake karibu na geti ndizo zilizokuwa zikisikika jioni, mtoto anacheka, mtoto anasoma Kurani, mtoto analalamika viatu vinambana, wakati mwenyewe ameshakuwa mwanamke.

Nilimhurumia pale kwenye benchi, kisha hasira zikanipanda. "Baba, alikuwa mtoto mdogo! Mtoto mdogo anamkimbia hata daktari. Sasa ni mkubwa, ana akili."

"Ndiyo hasa," akasema. "Sasa atanitazama kwa akili."

Fundi akatuita, nikampelekea sare.

Mabinti wa Umm Salal nao wakakua. Wakafika umri wa kuvaa spika za masikioni, na gari likawa kimya. Mh, ule ukimya! Unasikia kiyoyozi na karafuu zikivunjika. Dereva akaanza kukosea njia aliyoizoea. Binti mdogo ndiye aliyegundua. Siku moja alizichomoa spika zake, akarudisha sauti kwenye gari, akamwambia dada yake, "Ami anataka kujua Chiriku anaendeleaje." Jina lile alikuwa ameshalidaka kwa Dereva. Tukasikia Chiriku anaanza, na gari likapunguza mwendo.

Binti huyo mdogo ndiye aliyemwahidi Dereva. Kulikuwa na habari kwamba katuni itamaliziwa kwa filamu ya sinema. "Ikija Doha tunakwenda sote, ami, na wewe unakaa katikati." Ahadi hiyo ilikuwa nzito kuliko alivyojua. Dereva aliwapeleka sinema mara nyingi, lakini dereva hapandi juu. Dereva anabaki maegesho, chini, kwenye joto na harufu ya matairi, mpaka apigiwe simu. Wenzake wakingoja walicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Yeye alikaa ndani ya gari.

Filamu ilichelewa. Mabinti wakamaliza shule, mkubwa akaenda kusoma Ulaya, mdogo akafuata. Mimi wakati huo nilikuwa nimehamia kwenye sinema, ninakagua tiketi na kuwaonyesha watu viti. Dereva akabaki na gari lenye skrini mbili nyeusi, anampeleka mama mwenye nyumba hospitali na sokoni, na mama yule hapendi kelele. Nilimpigia mara kwa mara. Nikimuuliza hali, "Salama." Nikimuuliza upweke, ati nimesikia, yatosha, wakati nilikuwa nimeuliza.

Kisha akanipigia yeye, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Binti yake ameposwa. Mchumba ni mtu mzuri, mwalimu, watu wake wamekuja kwa heshima. Sasa Dereva ndiye baba, ndiye walii, lazima yeye amuozeshe. Alikuwa amepanga vizuri sana: siku ya ndoa atampa kaka yake uwakala kwa simu, shekhe asikie, mashahidi wasikie, mambo yaishe. Wengi huku wanafanya hivyo, na inakubalika. Binti hakukubali. Alituma sauti, na Dereva akanirushia kwenye simu yangu niisikie.

Sauti ilikuwa nyembamba, haina haraka. "Baba, mimi sitaki kuozeshwa na simu. Nimelelewa na simu, nimefaulu mitihani kwa simu, bibi nimemzika wewe uko kwenye simu. Hili hapana. Ukija nitaolewa. Usipokuja nitawaambia watu wa watu waende zao, na nitakaa hivi hivi."

"Sasa mtu anajibu nini hapo?" Dereva akaniuliza.

"Anakata tiketi ya ndege."

"Na akinitazama, akaona siye?"

"Siye nani, baba?"

Akakata simu. Siku ya harusi ilikuwa inakaribia, watu wa mchumba wanauliza, kaka yake anampigia kila siku, naye hajibu ndiyo wala hapana. Mimi nilimtukana moyoni, kisha nikamwombea, kisha nikamtukana tena.

Katika siku hizohizo filamu ikafika Doha. Nilipoona bango lake likipachikwa ukumbini kwetu, wale wasichana na sketi zao, nilisimama na ufagio kama mjinga. Binti mdogo alikuwa ameshapata habari huko Ulaya, na alimtumia Dereva sauti: "Ami, nenda kaniangalizie. Kisha unihadithie Chiriku kafanya nini."

Alikuja baada ya alasiri, siku ya kazi, ukumbi hauna watu. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia, ananukia udi, mkononi sahani hana ila msala anao. Nilikuwa kwenye mapumziko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kiti cha katikati ni kipi?"

Nikamkalisha katikati, nikakaa pembeni yake. Msala akauweka kwenye kiti cha upande wa pili. Mbele yetu kulikuwa na wasichana wachache wa Kifilipino wenye vijiti vya taa vya kupunga. Taa zikazimwa, muziki ukaanza, nikageuka nimwone atakavyoshangaa.

Alikuwa amefumba macho.

Nikadhani anasoma dua. Wapi! Dakika zikaenda, Bi Mkubwa akaamrisha, Debe akacheka, na yeye anatikisa kichwa, anawajua wote, anatabasamu, macho yamefungwa. Alikuwa amekuja sinema kusikiliza. Nikamwacha. Nikajisemea mtu mzima huyu, amezoea hivyo, kinakuhusu nini? Lakini filamu ikafika mahali pake. Wale wasichana wanamaliza shule, kundi linavunjika, kila mmoja anakwenda njia yake, na jukwaa lile ni la mwisho. Chiriku akaanza kuimba peke yake. Wasichana wa mbele wakainua vijiti vyao na mmoja akawa analia kwa sauti.

Nikamgusa mkono. "Baba, fungua macho."

"Nasikia."

"Baba, wanaagana. Baada ya hapa hakuna tena. Haitakuja nyingine."

Kisha akafungua, taratibu, kama mtu anayeogopa mwanga. Alitazama muda mrefu.

"Yupi?"

"Yule wa kushoto, mwenye nywele za rangi ya chungwa."

"Siye."

"Ndiye, baba. Angalia mdomo wake."

Akaangalia mdomo. Sauti ilikuwa inatoka pale, hakuna ubishi. Niliona karafuu imekwama shavuni, haitafuni tena.

"Mbona mkubwa?" akasema.

"Amemaliza shule."

Hakufumba tena. Aliangalia hadi wimbo ukaisha, wasichana wakakumbatiana, wakashuka jukwaani, wakatoka kwenye geti la shule mmoja mmoja. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini, taa zikawaka, wale Wafilipino wakatoka wakifuta macho. Yeye bado ameketi.

"Baba yao atakuja saa ngapi?"

Jamani. Nilitamani kumdanganya. Ningeweza, Kijapani hajui na Kiarabu cha kusoma hajui. "Hayumo, baba."

"Labda mwanzoni, mie nilikuwa nimefumba."

"Hayumo kabisa. Hawajamtaja hata mara moja. Wameimba wenyewe na wamemaliza wenyewe."

Wenzangu wakaingia na mifagio. Niliwapungia mkono wasubiri. Dereva alivua kofia, akaikunja, akaikunjua, akaivaa tena. Nilingoja aseme amesikia, yatosha. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akanipa.

"Ile ya kuonana, wabonyeza wapi?"

Nikamfungulia, nikapiga, nikamrudishia. Aliishika mbali na uso, mikono miwili. Ikaita. Ikapokewa. Nilichungulia begani mwake nikaona mwanamke mzima, mtandio wa kijani, nyuma yake sufuria na ukuta wa jiko. Alikuwa ameanza kusema "Baba, mbona saa hizi..." Akaona uso. Mkono ukaenda mdomoni na ukabaki hapo.

Wakaangaliana. Wenzangu na mifagio yao wamesimama.

"Nakuja," Dereva akasema. "Nakuja kukuozesha mwenyewe."

Mabega ya yule mwanamke yalikuwa yanatikisika, lakini sauti haikutoka. Dereva akangoja. Kwa mazoea yake akaipeleka simu sikioni, akaibana, akasikiliza. Hakusikia kitu. Akairudisha mbele ya macho.

"Sema basi, mwanangu," akamwambia. "Sema nijue ni wewe."